Maneno Manne ya Chala

Sina ugomvi na Wachina. Blanketi linaloniokoa hapa Chala mwezi wa Juni, baridi ya Ufipa inapong'ata masikio, limetoka kwao. Chupa ya chai pia. Ila maua yamezidi! Blanketi lina maua makubwa kama kabichi, chupa ina maua, beseni lina maua, na sasa mpwa wangu, anayesoma Kichina pale Chuo Kikuu cha Dodoma, kaja likizo na kalenda. Maua tena, na ndege juu yake.

"Mjomba, hapa pameandikwa niao yu hua xiang. Ndege wanaongea, maua yananukia. Ndivyo wanavyoyasifu majira ya machipuko."

"Yanaanza lini hayo?"

"Kwa kalenda yao ya jadi, kama tarehe 4 Februari."

Februari! Februari huku mtu ana tope hadi magotini. Mbolea ya kukuzia hainunuliki, mahindi yanadai palizi, na wanaofuata mila wanapiga ntumba: majani yanakatwa, yanafukiwa chini ya tuta la mviringo yaoze yawe mbolea. Mchina anasifu maua, Mfipa anazika majani. Kinachonukia ni koti lisilokauka tangu Krismasi. Na ndege? Ngojeni ulezi uive mje muwasikilize. Wanaongea wote kwa mpigo, midomo imejaa, na mimi ndiye ninayewajibu kwa kupiga debe.

Machipuko yetu ni Septemba na Oktoba. Mvua tumeisahau, nyika imechomwa moto mpaka jua linachomoza jekundu, vumbi limo hadi kwenye ugali. Hapo ndipo miombo, isiyongoja mvua wala ruzuku, inapotoa majani mapya, mengine mekundu, mengine rangi ya shaba, kabla hayajawa kijani. Ukipita porini asubuhi utadhani miti imeshika moto wa pili. Kalenda yote ile haifui dafu. Lakini nani ana nafasi ya kuitazama? Oktoba macho yetu yako kwenye mawingu na bei ya mbegu.

"Basi tunga maneno manne ya kwetu, mjomba."

"Moshi, vumbi, majani, deni."

Akanuna kwamba humo hamna sifa hata moja. Nikamwambia ahesabu vizuri, sifa ni la tatu. Kisha nikamwonyesha jembe lilipo.