Ukungu wa Kulipia

Ukitaka kumtembeza mtu milimani, chukua mtu wa Tanga, au wa Zanzibar, au hata wa Dar es Salaam. Mtu wa Marangu mwache. Mtu wa Marangu amezaliwa mlima ukichungulia jikoni kwao, theluji anaiona asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe, na kupanda mlima kwa starehe anakujua kuwa ni shughuli ya wageni, ambayo vijana wa jirani hulipwa ili wabebe mizigo. Huyo utamwonyesha nini?

Shemeji hakulijua hilo. Yeye ni mzaliwa wa Sion, makao makuu ya jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, na kwa kumwoa dada yangu alijipatia Shangazi. Shangazi alipokuja kuwatembelea mwishoni mwa Juni, nami nikapanda treni kutoka Geneva kwenda kumsalimu, tulimkuta mwenye nyumba ameshachapa ratiba. Ilikuwa na safu ya saa, safu ya mahali, na safu ya mapumziko ambayo kila mstari wake ulisema "dakika 10". Tungetembelea bonde la Hérens, linaloanzia karibu na Sion na kupanda kusini hadi kwenye barafu za Arolla na Ferpècle: vijiji vya mbao, ziwa, bwawa la umeme, ng'ombe wapiganaji. Vyote vilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mpaka ng'ombe.

Niseme mapema kwamba Shemeji ni mtu mwema. Kiswahili chake ni haba ila adabu yake imezidi kipimo. Alifundishwa kwamba mkubwa huamkiwa. Hakufundishwa kwamba kwa siku mara moja inatosha. Akirudi dukani, "Shikamoo, Shangazi." Akitoka chooni, "Shikamoo, Shangazi." Na Shangazi hakumnyima marahaba hata moja, kwa hoja kwamba mkwe anayeamkia asivunjwe moyo, maana wa kumpata mwingine ni kazi.

Tulipanda basi la posta, lile la manjano. Barabara ya huko ni nyembamba na ina kona nyingi, hivyo dereva hupiga honi ya sauti tatu iliyochukuliwa kwenye muziki wa Rossini, katika opera yake ya Guillaume Tell. Kona ya kwanza Shangazi akasema, "Kuna arusi mbele." Kona iliyofuata akainua shingo amtafute bibi arusi. Tulipozidi kupanda akatangaza kwamba nchi hii watu wanaoana sana, na akamtazama dada kwa jicho la kuuliza mbona yeye alifungia ndoa ofisini, mbele ya karani, bila hata ngoma.

Kwenye nguzo za Euseigne hatukuteremka. Ni nguzo ndefu za udongo na kokoto, baadhi zimejitwika jiwe kubwa kichwani. Barafu ya kale iliacha kifusi hapo. Mvua ikala udongo wote, ukabaki ule uliokingwa na mawe. Barabara imetobolewa chini yake, unapita kwenye handaki huku mawe yako juu. Shangazi akauliza yale mawe yaliwekwa na nani. Na barafu, Shemeji akajibu. Na yakianguka? "Yataanguka," akasema Shemeji, "siku moja." Ndiyo taabu ya watu hawa: ukiwauliza swali wanakupa jibu. Shangazi aliimba pambio la kanisani mpaka tukatokea upande wa pili, na abiria mmoja akampigia makofi.

Evolène ni kijiji kilichoko mita 1,370 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho kwa Shangazi ni cha nyumbani kabisa. Nyumba zake ni za mbao iliyokolea weusi kwa jua, ghorofa juu ya ghorofa, madirishani maua mekundu. Ratiba ilisema tupige picha za maua. Shangazi alipita maua yote bila kugeuka akaenda kusimama mbele ya ghala.

Ghala hilo linaitwa raccard, na humo walihifadhi nafaka za mikate yao. Limeinuliwa juu ya miguu mifupi ya mbao, na kati ya kila mguu na sakafu ya ghala pamewekwa jiwe bapa la mviringo, pana kama sinia. Panya hupanda mguu kwa raha zake, akifika juu anakuta dari. Hawezi kutembea miguu juu kichwa chini, basi anageuza. Shangazi alipitisha kidole kwenye ukingo wa jiwe mzingo mzima. Akainama akachungulia chini yake. Akagonga mguu kwa vidole, akasikiliza. Kisha akafungua kanga, akapima upana wa jiwe, akafunga fundo mahali pa kipimo. "Mkwe," akasema, "moja lina kilo ngapi?" Shemeji akakisia. Shangazi akanyamaza, na mimi ninayemjua nikaona anapiga hesabu ya sanduku lake na kilo 23 za shirika la ndege.

Alikuwa na swali moja limebaki: ndani wanapangaje magunia? Kulikuwa na kidirisha. Kabla Shemeji hajasema kwamba maghala mengi siku hizi yamegeuzwa nyumba za likizo, Shangazi alikwishapanda kwenye jiwe na kuweka paji la uso kwenye kioo. Badala ya magunia akaona mzee wa watu katika taulo, anapiga mswaki. Wakatazamana. Shangazi, ambaye malezi yake hayamruhusu kumtazama mtu bila kumsalimu, akampungia mkono. Mzee naye akapunga, kwa mkono ule uliokuwa umeshika taulo. Yaliyofuata dada alikataa kunitafsiria, na Shemeji aliomba radhi kwa Kifaransa kirefu mpaka kona ya barabara.

Chakula cha mchana tulikikosa. Jiko la mgahawa hufungwa saa nane, sisi tulifika na dakika chache juu yake. "Jiko linafungwaje na mpishi namwona?" akauliza Shangazi. Mpishi alikuwa pale, anavuta sigara, amepumzika kwa mujibu wa sheria. Tukala maandazi na mayai ya kuchemsha kutoka kwenye mkoba wa Shangazi, ambao Shemeji asubuhi alisema ni mzito bila sababu. Alikula maandazi manne. Nilimhesabia.

Njia ya kwenda ziwa la Lac Bleu huanzia kwenye kituo cha La Gouille, kando ya barabara ya Arolla. Pale pana kibao cha manjano, na vibao vya njia za miguu Uswisi havitaji kilomita, vinataja muda. Kiliandikwa kwamba ni chini ya saa moja. Kwetu mtu akikwambia "ni hapo tu," unajua umedanganywa kwa upendo ili usikate tamaa. Kibao cha Uswisi hukudanganya kwa hesabu: muda wake ni wa kutembea mfululizo bila kusimama, na aliyeupima hakuwa na shangazi. Shangazi husimama. Alisimama kwenye kila mteremko ambao nyasi zilikuwa zimekatwa, akazipima urefu, akataka kujua kama ni kwa mundu au kwa mashine, na nani anazibeba. Alipoambiwa kuna mashine ya kupita kwenye miteremko ile, alikaa kimya muda mrefu, na nadhani aliikumbuka miaka yake ya kupandisha mzigo wa majani kichwani.

Hapo ndipo tulipokutana na waya. Ni waya mwembamba tu, umezungushiwa malisho, na Shangazi akakataa kupita karibu nao. Shemeji akamtuliza: mara nyingi hauwashwi, ni wa kutishia ng'ombe tu. Akaushika ili amwonyeshe. Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka namna ile na mkoba mgongoni. "Pole, baba," akasema Shangazi. "Kwetu mpaka tunapanda masale. Hayaumi mtu."

Kuhusu ziwa, ni kweli ni la buluu, na maji yake ni maangavu unaona kila jiwe chini. Lakini ni dogo. Shangazi alilitazama, akatafuta lingine nyuma yake, akauliza kama ndilo. Ziwa Chala, akasema, lingelimeza hili bila kutafuna. Akachovya vidole, akavitoa haraka, akakaa kumimina chai. Dakika 10 za mapumziko zikapita, na nyingine, na nyingine. Shemeji alitumia muda huo kumwonyesha kilele cha Dent Blanche kwenye ramani, mita 4,357. "Na ule wa kwenu una ngapi, Shangazi?" akauliza, kwa heshima tu, mwenyewe anajua ni 5,895. "Aa, tunao tu," Shangazi akasema.

Kurudi chini tulikuwa tunawahi basi, na ng'ombe wakatuziba njia.

Ng'ombe wa Hérens ni wafupi, wanene wa shingo, rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, na wanaopigana ni majike. Hakuna anayewachochea. Wakikutanishwa malishoni ni lazima ijulikane nani mkubwa, nani atatangulia mbele ya wengine. Watu wa Valais wamelifanya jambo hilo kuwa mchezo wa jimbo zima: fainali huwa Mei huko Aproz, karibu na Sion, na mshindi huitwa malkia. Hawa wetu walikuwa wamepandishwa malishoni siku hizohizo, na mambo yao hayajaamuliwa. Wawili walikuwa wamegandana paji kwa paji katikati ya njia. Upande mmoja jabali, upande wa pili ule waya ambao Shemeji sasa aliuheshimu.

Hakukuwa na kelele. Kengele zilikuwa zimenyamaza kwa sababu shingo zimekaza, ukisikia pumzi tu, na kwato zikichimba. Mkubwa alisukuma hatua moja, mdogo akairudisha. Shemeji alitazama saa. Shangazi alikwishapata jiwe la kukalia. "Mdogo atashinda," akasema. "Mtazame nyonga." Dada akasema mkubwa. Shemeji akasema basi. Kisha, bila dalili yoyote, yule mkubwa akageuza kichwa, akaenda pembeni na kuanza kula nyasi, ungedhani hakuwepo.

"Huyo ana akili," Shangazi akasema. "Mke mwenza akijua kunyamaza, nyumba inakaa." Akauliza anatoa lita ngapi za maziwa. Shemeji akasema si nyingi sana ukilinganisha na ng'ombe wengine wa Uswisi. Na bei? Malkia huweza kuuzwa kwa maelfu mengi ya faranga. Shangazi aliligeuza hilo kichwani mpaka kituoni, ambako basi lilikuwa limeondoka kwa dakika yake ileile iliyoandikwa.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Grande Dixence, katika bonde la pembeni la Hérémence. Ni ukuta wa zege wenye kimo cha mita 285, uliokamilika mwaka 1961, na hakuna bwawa duniani la aina yake, la kuzuia maji kwa uzito wake tu, linaloufikia. Shemeji alikuwa na tarakimu zote. Tulinunua tiketi za kigari cha kamba, tukapandishwa juu, milango ikafunguka, tukaingia ndani ya ukungu. Sikumwona dada aliyeshika mkono wangu. Shemeji alisimama akanyoosha kidole mahali ziwa lilipo, akasema lina maji mita za ujazo milioni 400. Tukamwamini, kidole chenyewe hatukukiona. Ikatoka sauti ya Shangazi, sijui upande gani: "Mkwe, tumelipa kiasi gani?" Shemeji akataja. Kimya. "Ukungu uko Marangu bure."

Nilidhani safari imekufia hapo. Lakini mstari wa mwisho wa ratiba, ambao nina hakika Shemeji aliuweka ili kujaza karatasi, ulikuwa ng'ambo ya mto Rhône, kijiji cha Botyre huko Ayent, kwenye makumbusho ya mifereji ya kumwagilia. Huiita bisse. Ule mkubwa wa Ayent ni wa mwaka 1442, na mahali jabali lilipokataa kuchimbwa waliuning'iniza kwa mbao ubavuni mwa mlima. Shangazi aliingia mlangoni akakuta mfongo, mfereji kama ule wa kwao.

Kuanzia hapo hatukuwa na kazi naye. Yeye ni mjumbe wa kamati ya mfongo wa kwao, na mzee wa pale makumbusho alikuwa na hadithi za mfereji. Dada alitafsiri mpaka koo likakauka, wao wakaendelea kwa mikono. Mzee akamwonyesha vijiti vilivyochongwa alama za kila ukoo, vya kuhesabia zamu za maji. Akamwonyesha gurudumu dogo linalozungushwa na maji na kugongesha nyundo usiku kucha. Nyundo ikinyamaza, mlinzi anajua maji yamekatika juu. Shangazi akataka arudie hiyo nyundo. Kisha akauliza swali moja tu la maana: anayeiba maji usiku, mnamfanyaje? Mzee akasema faini. Faini gani? Fedha. Shangazi akasikitika. Kwao, akaeleza, ni mbuzi na pombe ya mbege, na mwizi mwenyewe anaalikwa kunywa, ili aone haya vizuri.

Mzee akasema Desemba 2023 UNESCO iliutambua umwagiliaji wa jadi wa Uswisi na nchi nyingine sita za Ulaya kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Na mfereji wa Ayent umo kwenye noti. Shemeji, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepatia, akatoa pochi na kumkabidhi Shangazi noti mpya ya faranga 100. Kweli, upande mmoja uko pale, mbao na jabali na maji.

Shangazi aliishika kwa mikono miwili. "Sisi tumeweka simba, kifaru na tembo," akasema. "Tembo! Anayekula shamba la mtu!" Akaikunja noti mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, karibu na fundo la kipimo cha jiwe. "Hii nitawaonyesha wenzangu wa kamati."

"Marahaba, mkwe," akaongeza, ingawa safari hii Shemeji hakuwa amemwamkia.

Shemeji akanigeukia. Mimi nikawa natazama milima, ambayo Uswisi, namshukuru Mungu, iko kila upande.