Muulize Mama Mwiko: Mjini Nitakula Wapi?

Barua za wiki hii zimenifikia Endiinzi zikiwa na madoa ya mchuzi. Sikuyafuta. Madoa ni ushahidi.

*Mama Mwiko, jambo sana. Nilienda Mbarara kufuata karatasi zangu, njaa ikanikamata. Hotelini nikaagiza karo, ule ugali wa ulezi, nikaletewa pamoja na kibakuli cha kitu cheupe, cha baridi. Nikajua ni mtindi, nikatia sukari vijiko viwili. Watu wote wakaacha kula, wakanitazama. Kosa langu ni nini? — Aliyetazamwa, Rubondo*

Mwanangu, ulitia sukari kwenye eshabwe! Hiyo ni samli ya ng'ombe wa Ankole, inapigwa kwa maji na chumvi ya mawe mpaka inageuka nyeupe, na ni kitu cha harusini na cha mgeni wa heshima. Walikuheshimu, wewe ukawafanyia uji. Rudi hoteli ileile, ila uvae kofia. Ukiingia sema "Agandi", wakuitikie "Nimarungi", ndipo uvute kiti.

Maadamu umeniandikia, jifunze na hesabu za hoteli zetu. Matoke, karo, posho, wali, viazi, vyote vinaweza kurundikwa kwenye sahani moja na bei isitikisike. Kinachohesabiwa ni mchuzi. Mhudumu akikuuliza mchuzi gani, anakuuliza una pesa ngapi, kwa adabu tu. Maharage ni ya mwenye safari ndefu. Nyama ni ya aliyepokea mshahara. Aliyebakiwa na nauli ya kurudi asitamke "nyama" hata kwa kukohoa. Na ukitaka kushiba mpaka jioni kwa pesa kidogo, wahi asubuhi ule katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo au maharage. Usifike saa saba kuulizia katogo. Utaonyeshwa sufuria iliyooshwa.

*Mama, nina binti wa Mbarara nataka kumpeleka pa heshima. Nina elfu ishirini. — Moyo Mkubwa, Juru*

Pa heshima papo: Igongo, kule Biharwe, kilomita kumi na kitu ukishika barabara ya Masaka. Kuna makumbusho ya Ankole na chakula cha Kinyankole cha kumfurahisha hata mama mkwe. Lakini Biharwe ndipo panapokumbukwa kupatwa kwa jua mwaka 1520, nami nisingependa mfuko wako uwe wa pili kupatwa mahali hapo. Elfu ishirini za watu wawili ni rolex ya moto, chapati iliyokunjiwa mayai, kwa kijana mwenye foleni, kisha maziwa baridi. Katika umri wangu sijaona Mnyankole aliyekasirika baada ya kupewa maziwa.

*Mama Mwiko, Mbarara nimezunguka, sombe, majani yetu ya muhogo, siyaoni. — Mama wa Uvira, Base Camp*

Mama mwenzangu, beba. Na mawese ubebe.

*Mimi ni ofisa, nakuja kambi ya wakimbizi ya Nakivale kila wiki kutoka Mbarara. Nabeba chakula changu kwenye kibakuli kwa kuwa kambini hakuna pa kula, lakini kinachacha njiani. Nishauri. — Mtu wa Ofisi*

Baba, heshima yako, ila wewe umekaa ufukweni ukinywa maji ya chupa. Ni kweli Mbarara ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na Base Camp ya Nakivale haijapandishwa kuwa chochote. Kwa sahani, hata hivyo, nani jiji na nani kijiji? Nakivale imekuwa ikipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakitangulia, na waliokimbia wakaacha masufuria hawakuacha mapishi.

Anzia kwa Wasomali wa Base Camp: wali wa viungo, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Najua wewe umezaliwa migombani, unadhani habari ya ndizi umeimaliza. Ile unaimenya na kuila pamoja na wali. Kula kwanza, bishana baadaye. Wahabeshi wana injera, na uchachu wake ni wa makusudi, si kama wa kibakuli chako. Kwa Wakongomani ulizia bugali wa muhogo na sombe. Warundi waachie maharage, wanayajua. Samaki je? Ziwa Nakivale umelipita ukiwa umefunga vioo vya gari.

Na hili silisemi kwa mzaha. WFP ilipunguza mgao wa chakula wa wakimbizi mwaka 2020, na haikuishia hapo. Sufuria ya mama anayeuza kando ya barabara ndiyo daftari na ada ya watoto wake. Kwa hiyo lipa taslimu, lipa siku hiyohiyo, wala usimdai risiti ya ofisi kwa sahani ya maharage.

Wiki ijayo kibakuli kibaki Mbarara. Waambie umetumwa na Mama Mwiko. Bei hawatakupunguzia, ila mchuzi watakuongeza.