Nyuzi 20, Tunakufa!

Ndugu zetu wa Minnesota, Marekani, wana kipaji cha kulalamika bila kutaja kipimo. "Leo nyuzi 20 tu, tunakufa!" Shangazi yuko Lushoto, ambako nyuzi 20 ni mchana mzuri wa kuanika maharage. Anaguna. Hajaambiwa kuwa hizo ni za Farenhaiti, yaani karibu 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Tusimcheke, maana vipimo vyenyewe vina vituko. Fahrenheit aliipata sifuri yake kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi. Celsius naye, mwaka 1742, alitaka maji yachemke kwenye 0 na yagande kwenye 100. Wenzake ndio waliokigeuza kipimo hicho. Wasomi hao!

Vipimo hivi viwili mahasimu hupatana mahali pamoja tu: 40 chini ya sifuri, ambapo baridi ni ileile kwa wote. Mji wa Tower, hukohuko Minnesota, uliupita mwafaka huo tarehe 2 Februari 1996, ukafika 60 chini ya sifuri za Farenhaiti, sawa na 51 za Selsiasi.

Basi mpwa, ukipiga simu nyumbani, taja kipimo. La sivyo utaendelea kuombwa ada na mtu anayeamini uko ufukweni.