Kalamu Nyekundu na Kinyonga

Mezani kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Kalamu Nyekundu, ambaye ni kisahihishaji cha sarufi, yaani programu inayobaini makosa ya tahajia na upatanisho, alikutana na Kinyonga, ambaye ni kibinadamishi, yaani programu inayolivika andiko la akili mnemba sura ya kazi ya mtu.

KALAMU: Mwandishi akiandika "kitabu yangu", Kalamu humpigia mstari chini ya "yangu", humweleza kwamba nomino ya ngeli ya KI-VI hudai "changu", kisha humwachia uamuzi. Je, Bwana Kinyonga humfundisha nini mteja wake?

KINYONGA: Kinyonga hafundishi, Bibi Kalamu, bali husitiri. Vigunduzi, yaani programu zinazosaka maandishi ya mashine, hutazama kama neno linalofuata linabashirika mno na kama sentensi zinalingana urefu, kwa hiyo "Ni muhimu kutambua kwamba elimu ni ufunguo wa maisha" hugeuzwa kuwa "Elimu, jamani, ndiyo ufunguo wa maisha."

KALAMU: Kumbe fikra ni ile ile kuukuu, ila imeongezewa "jamani".

KINYONGA: Pamoja na kosa moja la makusudi, kwa kuwa kukosea ndio ubinadamu.

KALAMU: Kosa ambalo mteja hulileta kwa Kalamu lisahihishwe, kisha andiko likishanyooka hulirudisha kwa Bwana!

KINYONGA: Ndiyo maana wote wawili hulipwa ada kila mwezi. Isitoshe, mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vigunduzi saba, kwa wastani, vilizisingizia kuwa za mashine zaidi ya nusu ya insha zilizotungwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na Julai mwaka huo kampuni ya OpenAI ilikiondoa kigunduzi chake kwa usahihi mdogo.

KALAMU: Aliyesingiziwa hahitaji kubadilishwa rangi, bali huonyesha rasimu zake, ambazo mteja wa Bwana hana hata moja.

KINYONGA: Na kile kitufe cha Bibi cha kuandika upya aya nzima, nacho ni sarufi?

Kalamu alijifunika kifuniko chake. Ukweli ni kwamba usahihishaji hurekebisha namna jambo lilivyosemwa, ubinadamishaji huficha aliyelisema, na kitufe hicho kimekwisha kuuvuka mpaka huo. Kwa hiyo mwandishi asiyeweza kuitetea sentensi yake kwa kinywa chake asiitie jina lake.