Sifa za Jaribio Kigeugeu

Wapo waliosifu wafalme, wapo waliosifu majahazi. Leo nasimama kulisifu jambo linalolaaniwa kila siku ya kazi katika ofisi za waandishi wa programu: jaribio kigeugeu, lile linalofaulu saa tatu, likaanguka saa nne, likafaulu tena kabla chai haijapoa, na hakuna aliyegusa hata herufi moja ya msimbo.

Nianze na nasaba, maana hasifiwi mtu akaachwa ukoo wake. Baba ni thredi, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na wenzake ndani ya programu moja. Mama ni data inayogombewa na mikondo miwili bila kufuli. Mshenga alikuwa haraka. Uzao wao umeenea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipitia marekebisho 201 yaliyokusudiwa kuwatuliza watoto hawa katika miradi 51 ya programu huria ya Apache. Kati ya yale yaliyojulikana chanzo, karibu asilimia 45 yalitokana na jaribio kutosubiri ipasavyo kazi iliyoachwa iendelee pembeni, na asilimia 20 na thredi kugongana. Mwaka 2016 Google nayo ilieleza kwamba takriban asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa namna fulani. Ni nani mwingine aliyeingia Google kwa wingi huo bila usaili?

Tabia yake ya kwanza ni haya. Mwite mkuu wa idara aje alione likianguka, litafaulu mbele yake mara kumi mfululizo. Ongeza mstari wa kuchapisha ujumbe ili ulipeleleze. Mstari huo utaichelewesha thredi moja kidogo tu, mgongano utapotea, nalo litakutazama kwa rangi ya kijani kama lisilojua lolote. Tabia ya pili ni kufundisha ucha Mungu. Mhandisi asiyeamini hirizi wala ndoto hubofya kitufe cha kurudia huku midomo ikimchezacheza.

Hata hivyo, fahari yake kuu ni kusema kweli, tena hata dhidi ya jamaa zake. Kikulacho ki nguoni mwako, na pengine kosa limejificha katika namna tunavyoitumia maktaba yenyewe ya majaribio. Chukua Mockito, maktaba ya Java inayotengeneza viigizo vya kusimama badala ya sehemu halisi za programu. Ukitaka kukifunza kiigizo jibu, kwanza unaita mbinu yake, kisha unasema irudishe nini. Maktaba inalifunga jibu kwenye mwito wa mwisho iliouona. Thredi nyingine ikikiita kiigizo hichohicho katikati ya hatua hizo mbili, jibu linafungwa kwenye mwito wa mgeni, kama makarani wawili wanaojaza daftari moja kwa wakati mmoja. Waandishi wa Mockito hawakuficha: thredi nyingi zinaruhusiwa kukiita kiigizo kimoja, lakini kukifunza au kukikagua kutoka thredi mbalimbali huleta matokeo ya kubahatisha. Onyo hilo limo katika maelezo yao. Aliyelifikisha mezani kwetu ni kigeugeu.

Mlinganishe sasa na mpinzani wake, jaribio tulivu ambalo ni kijani mwaka mzima. Katika JUnit, chombo cha kuendeshea majaribio ya Java, ukianzisha thredi mpya na uhakiki ukashindwa ndani yake, kosa hufa na thredi hiyo. Thredi kuu, ambayo ndiyo JUnit inayoitazama, haipati habari. Inafika mwisho salama, na jaribio linahesabiwa limefaulu. Huyo ndiye tunayempa cheo na kumwonyesha mteja. Yule anayetuambia kwamba mambo yanategemea bahati, tunamzima.

Ndugu zake waliokosa kusikilizwa utotoni huenda kuishi katika mitambo. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio, mgongano wa aina hii uliunyamazisha mfumo wa tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme. Waangalizi walikaa zaidi ya saa nzima bila kujua kwamba kengele zao zimekufa, na siku hiyo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Pale hapakuwa na kitufe cha kurudia.

Kwa hiyo nawatahadharisha wapenzi wa kigeugeu juu ya maadui zake. Kuna wanaokifunza kiigizo kila kitu kabla ya kuanzisha thredi hata moja, na kukikagua baada ya zote kumaliza. Kuna wanaonyima majaribio data ya kugawana. Kuna wanaolibeba kosa la thredi ya pembeni hadi kwenye thredi kuu. Wabaya kuliko wote ni wale wanaofuta amri ya kulilaza jaribio sekunde mbili na kungoja tukio lenyewe litokee. Msiwaige. Mkiwaiga, jaribio litakuwa na neno moja tu kila siku, na likisema programu ni mbovu, hamtakuwa tena na kitufe cha kujitetea.