Uso wa Mama Mkwe

Ndugu yangu uliyeoa, mtamba ukimuuza asubuhi, bati zinunue mchana huohuo. Mimi wangu nilimuuza mnadani, nikakuta duka la bati limefungwa, nikapanda zangu Kighare na hela simuni. Kabla sijavua koti, maana Usangi ikishika ukungu haina mzaha, nikakuta baraza la nyumbani limeshakaa, limeshaamua, na sasa linakula makande. Nikawekewa sahani na taarifa.

Msemaji alikuwa shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao, tunayemwita Gavana kwa jinsi anavyopenda kupangia fedha za watu. Akiwa Dar hana nauli. Akipanda mlimani ana mpango. Safari hii mpango ulikuwa kumgeuza mtamba wangu kuwa USDT, ile sarafu ya mtandaoni inayokwenda sambamba na dola.

"Shemeji, hii ni pesa huru. Haina benki, haina serikali, haina wa kukuuliza."

Nikamkumbusha tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019, kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee na hizo sarafu haziruhusiwi. Akanijibu kwamba Juni 2021, Mwanza, Rais Samia mwenyewe aliiambia Benki Kuu ianze kujiandaa kwa sarafu hizo. Tena, akaongeza, tangu Julai 2024 sheria inakata kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. "Sasa kitu kilichokatazwa kinakatwaje kodi?" Nikamtazama mke wangu, Mama Namkunda, anisaidie. Alikuwa anachambua maharage ya kesho.

Basi pesa huru ikaanza. Kitu cha kwanza ilichouliza ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa.

"Si ulisema haina wa kukuuliza?"

"Utaratibu tu, shemeji."

Akaunti ya Gavana mwenyewe ilishafungwa, kwa sababu ambazo kila akizisimulia zinabadilika. Mke wangu akasema kadi yake haiingii kwenye mambo ya watu asiowajua. Yangu haikuombwa, na sikuuliza kwa nini. Ikabaki ya mama mkwe.

Huyu tunamwita Wakili, ila si mbele yake. Alikuja kutibiwa goti. Goti lilishapona, yeye bado yupo. Tunasemwa sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Wengi wetu tunakanusha. Wakili huuliza kuku mwenyewe alikuwa wa rangi gani. Ni la damu hilo. Miaka ya 1940, Wapare walipomiminika Same kwa maelfu kuikataa mbiru, ile kodi ya mkoloni iliyokadiriwa kwa kupekua mali ya kila kaya, akina mama nao wakaingia kwenye msukosuko, mama yake akiwa na mimba yake. Ndivyo anavyohesabu umri. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha mbiru, kwa hiyo namba yake ya tarakimu 20 inaanza na 1 Januari 1945, siku ya kukadiria.

Mwaka 2019, usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, vidole vyake viligoma. Jembe lilishavila. Wakala alivifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akajaribu gumba, cha shahada, cha kati, akahamia mkono wa pili. Kilichokubali ni kidole cha mwisho cha kushoto. Tangu siku hiyo hakionjei mboga.

Sasa simu ilitaka uso.

"Mama, geuka kulia." Akageuka na kiti.

"Shingo tu, mama. Haya, pepesa macho."

"Nimpepesee nani?"

Simu ikalalamika mwanga ni hafifu, tukamhamishia uani. Ikataka kichwa kiwe wazi. Wakili akasema hafungui kilemba mbele ya mkwe, na hapo alikuwa na haki yake. Nikageuzwa nitazame migomba, mwenye mtamba mimi, mpaka simu iliporidhika.

Kwenye soko la sarafu hizo unanunua kwa mtu usiyemjua: unamtumia hela kwa simu, na sarafu zinashikiliwa na soko mpaka akiri amepokea. Gavana akatuma kutoka laini ya Mama Namkunda, ndiko mtamba alikokuwa ameshahamishiwa. Muuzaji akaona jina la mlipaji si la mwenye akaunti, akagoma kuachia, na hela anayo. Gavana akaanza kutokwa jasho kwenye baridi ile. Chini ya skrini kulikuwa na kitufe.

"Imeandikwa nini hapo?" Wakili akauliza.

"Rufaa, mama."

Aliinuka bila fimbo. Maelezo yake yalianzia kwenye ukoo, yakapita kwenye mpaka wa shamba, yakafika kwa mtamba na doa lake la paji. Mjukuu wake Namkunda alikuwa anaandika na kupunguza, anapunguza na kukemewa. Ikaambatishwa risiti, kadi ya mama, kadi ya binti, na kwa amri ya Wakili, picha yao wawili wamesimama bega kwa bega, ili mahakama ijionee sura zilivyofanana. Chai haijachemka, sarafu zikaachiwa. Wakili alinuna. Kesi gani isiyoahirishwa hata mara moja?

Tatizo ni kwamba akaunti inafunguka kwa uso wake tu. Gavana alishateremka Dar, kwa nauli yangu. Nilipokwenda kwa adabu zote kuuliza habari za bati, mama mkwe akaniuliza: kama serikali inakata tatu, yeye aliyetoa uso akate ngapi? Kisha akanitaka nilete barua ya maombi na nakala ya kitambulisho.

Barua nimepeleka. Imerudishwa kwa kukosa shahidi. Nimemwomba Mama Namkunda atie sahihi, anasema hawezi, ana maslahi kwenye shauri.