Sifa za Ubishi Usiokwisha

Upo ubishi wa kupita njia, na upo ubishi wenye heshima na maisha marefu. Ule wa pete za miti ni wa aina ya pili, nao haujapewa sifa unazostahili.

Mwaka 1998 Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes walikadiria joto la nusu ya kaskazini ya dunia katika karne sita. Vipimajoto vikiwa havijakuwapo, walisoma pete za miti, matumbawe na barafu ya kale. Mwaka uliofuata wakarudi nyuma hadi mwaka 1000. Mchoro wao, unaoteremka polepole kisha kupaa katika karne ya 20, ukaitwa gongo la hoki. Wenye papara wangeitazama ile ncha iliyopaa, wakaenda kupunguza moshi. Ubishi ukatuepusha na pupa hiyo.

Mwaka 2003 Stephen McIntyre na Ross McKitrick walihoji hesabu zile, na baadaye pete za misonobari ya kale ya magharibi mwa Marekani zilizotumika humo. Mbishi mchanga huridhika akijibiwa. Mwaka 2006 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikiri dosari ya kitakwimu, likaiona ndogo, likathibitisha kwamba miongo ya mwisho ya karne ya 20 ilizidi kwa joto kipindi chochote kama hicho katika miaka 400. Ubishi uliokomaa ulipokea jibu hilo kama mbolea. Mwaka 2009 barua pepe za watafiti wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ziliibwa. Chunguzi kadhaa hazikukuta udanganyifu, na ubishi ukastaajabia ustadi wa kuuficha. Hata miti ya kaskazini ambayo pete zake ziliacha kufuatana na vipimajoto baada ya 1960, jambo ambalo watafiti wenyewe walilichapisha, imewafaa wabishi: husema mti usioaminika leo haukuaminika hata jana.

Tuseme kweli, nani hana ubishi huu kifuani? Kila mmoja wetu, akionyeshwa tarakimu zinazomtaka abadili mwenendo, hushikwa ghafla na mapenzi ya takwimu. Tena hutuliza moyo: anayejadili joto la mwaka 1400 hadaiwi lolote na joto la mwaka huu.

Tafiti za baadaye, kwa mbinu nyingine na hata bila pete za miti, zimetoa umbo lilelile kwa jumla. Ni dhahiri, basi, kwamba mjadala ndio kwanza unaanza.